MALI YA MPANGAJI NAYO NI MALI

Katika miji ya Pemba, kuanzia Mkoani hadi Wete, ipo dhana moja iliyoenea ambayo sisi twaona ni wajibu wetu kuipinga. Dhana hiyo yasema kwamba bima ya nyumba ni shughuli ya mwenye nyumba peke yake, na kwamba mtu aliyepanga chumba hana la kukatia bima, kwa kuwa kuta si zake, bati si lake na kiwanja si chake. Mfanyakazi akiulizwa habari ya bima hujibu kwa kucheka: "Mimi mpangaji tu." Maneno hayo matatu yamewagharimu watu wengi zaidi kuliko wezi.

Sisi twasema kwamba mpangaji anayo mali, nayo ni jasho lake. Mwalimu aliyehamishiwa Micheweni, muuguzi wa Hospitali ya Abdalla Mzee, kuli wa bandari ya Mkoani, karani wa Chake Chake na fundi cherehani wa Wete, kila mmoja wao ana kitanda, kabati, jokofu, nguo za watoto na vyombo vya kupikia. Vitu hivyo havikushuka na mvua. Vimenunuliwa kimoja kimoja kwa mshahara, kwa fedha za mchezo wa upatu, na kwa mkopo ambao pengine haujamalizika kulipwa. Moto ukipita usiku mmoja, mkopo hauungui pamoja na kitanda. Deni hubaki, na kitanda hakipo.

Basi leo twataka kueleza, kwa lugha iliyo wazi, bima ya vyombo vya mpangaji ni kitu gani, hukinga nini, haikingi nini, na yapasa wafanyakazi wenyewe na vyombo vyetu vya umma vifanye nini ili kinga hiyo iwafikie wanyonge badala ya kubaki pambo la wenye nacho.

PAA LILIPATIKANA KWA JITIHADA

Wazee wetu walijua kwamba makaazi ni suala la heshima ya mtu. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, Unguja, waligoma kulipa kodi ya ardhi ambayo nyumba zao zilikuwa zimejengwa juu yake. Nyumba ilikuwa ya mnyonge na ardhi ikahesabiwa kuwa ya tajiri, na mnyonge akakataa kulipishwa kwa kukanyaga mahali alipozaliwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali iliyoongozwa na Mzee Abeid Amani Karume ilianza kujenga nyumba za maendeleo. Hazikujengwa Michenzani na Kilimani tu. Pemba nayo ilipata zake, na hadi leo majengo hayo ya ghorofa yaonekana katika miji yetu. Shabaha ilikuwa kwamba mtu wa kawaida akae katika nyumba ya mawe yenye maji na umeme.

Kazi hiyo ilihusu paa na kuta. Lakini vilivyomo chini ya paa hilo vilikuwa vichache siku hizo: kitanda cha mayowe, sanduku la nguo, taa ya kandili, mkeka na sufuria. Leo mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2010 Pemba imepata umeme kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, badala ya kutegemea majenereta ya Wesha. Umeme huo umeleta jokofu, pasi, feni, televisheni na simu katika vyumba vya kupanga. Mitungi ya gesi nayo imeingia jikoni mahali pa kuni na makaa. Haya ni maendeleo, nasi twayashangilia. Lakini kila kitu kipya kiingiacho chumbani huongeza mambo mawili kwa pamoja: thamani ya mali, na uwezekano wa moto. Kwa hiyo mpangaji wa leo ana mengi ya kupoteza kuliko babu yake, na sababu za kuyapoteza ni nyingi zaidi.

BIMA YA MWENYE NYUMBA HAIMHUSU MPANGAJI

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mwenye nyumba anapokata bima, hukatia mali yake: kuta, paa, milango, mabomba na nyaya. Nyumba ikiungua, yeye ndiye atakayelipwa. Mpangaji hatapata hata thamani ya mto wa kulalia, kwa sababu jina lake halimo katika hati na vyombo vyake havikuhesabiwa. Hapana hila yoyote hapo. Ndivyo mkataba wa bima ulivyo. Humlinda aliyelipia, kwa kile alichokilipia.

Tena liko jambo la pili, zito zaidi, ambalo wapangaji wengi hawajapata kuambiwa. Ikithibitika kwamba moto ulitokana na uzembe wa mpangaji, kwa mfano aliacha pasi juu ya nguo akaenda sokoni, mwenye nyumba aweza kumdai hasara ya jengo. Na ikiwa mwenye nyumba ameshalipwa na kampuni yake ya bima, kampuni hiyo kwa desturi ya sheria za bima hurithi haki yake ya kudai, nayo yaweza kumfuata mpangaji ili irudishiwe ilichotoa. Hivyo mtu aweza kupoteza vyombo vyake vyote asubuhi, na jioni akaletewa dai la ukuta usio wake. Katika majengo ya ghorofa, ambamo jirani wa chini na wa juu watenganishwa na sakafu moja, madai yaweza kuwa ya watu watatu au wanne.

Ndiyo maana bima nzuri ya mpangaji huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni ya vyombo vyake mwenyewe. Ya pili ni ya dhamana yake kwa wengine, yaani kumlipia pale atakapodaiwa kihalali na mwenye nyumba au na jirani kwa hasara aliyoisababisha pasipo kukusudia. Ya tatu ni ya makaazi ya muda: nyumba ikiwa haikaliki baada ya janga, bima hulipa gharama za kupanga mahali pengine kwa kipindi kilichoandikwa. Si kila hati inazo zote tatu. Mfanyakazi aulize moja moja kabla ya kutoa fedha zake.

YALIYOMO NA YASIYOMO

Majanga ambayo kwa kawaida hukingwa ni moto, radi, mlipuko, tufani, mafuriko, kupasuka kwa mabomba ya maji, na wizi wa kuvunja. Pemba yetu, yenye mvua nyingi za masika na vuli, haiwezi kuyaita majanga hayo hadithi za ng'ambo. Hata hivyo, neno moja katika hati laweza kugeuza mambo yote, na hapa twaomba msomaji asome polepole.

Kwanza, wizi. Hati nyingi hulipa wizi ule tu ulioacha dalili za kuvunjwa: kufuli iliyokatwa, dirisha lililong'olewa, mlango uliopasuliwa. Nyumba zetu za Kiswahili zina ukumbi mmoja wenye vyumba huku na huku, na mlango wa mbele hushinda wazi. Mtu akiingia mchana akachukua redio chumbani kwa mpangaji aliyekwenda kisimani, hakuna kilichovunjwa, na kampuni yaweza kukataa kulipa. Mpangaji wa nyumba ya namna hiyo afunge chumba chake kwa kufuli madhubuti, na aeleze wazi kwa wakala kwamba anaishi katika nyumba ya vyumba vya watu wengi.

Pili, kuondoka. Hati nyingi husema kwamba nyumba ikiachwa tupu kwa siku nyingi mfululizo, mara nyingi 30, kinga ya wizi hukoma. Walimu na watumishi wengi waliopangiwa kazi Pemba huvuka kwenda Unguja au Bara wakati wa likizo ndefu. Wao hasa ndio wanaopaswa kukiangalia kifungu hiki, na kutoa taarifa kwa maandishi kabla ya kupanda meli.

Tatu, umeme. Televisheni iliyoungua kwa sababu umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu kupita kiasi si lazima ihesabiwe kuwa imeungua kwa moto. Hati nyingi hukitoa kisa hicho isipokuwa mwenye bima ameomba kiongezwe. Kwetu sisi, ambapo hili ndilo hulalamikiwa sana, lisiachwe bila kuulizwa.

Nne, dhahabu na fedha taslimu. Akina mama wetu huweka akiba katika bangili na mikufu. Bima ya vyombo huweka kikomo kidogo kwa vito na kwa noti zilizowekwa ndani, ila vito viwe vimeorodheshwa kimoja kimoja pamoja na thamani yake. Fedha za karafuu zilizofichwa chini ya godoro hazina bima. Mahali pake ni benki.

Tano, kazi. Cherehani ya kushonea nguo za watoto nyumbani ni chombo cha nyumbani. Cherehani ile ile ikishona nguo za wateja yaweza kuhesabiwa kuwa chombo cha biashara, na bima ya nyumbani isiilipe. Kadhalika mzigo wa duka uliowekwa uvunguni. Fundi na mchuuzi waseme ukweli wa kazi zao, wapate hati inayowafaa.

Sita, mambo ambayo bima haitayalipa kamwe: uchakavu, kutu, mchwa, panya, unyevu ulioingia kidogo kidogo, na hasara aliyoifanya mtu kwa makusudi. Bima ni ya ajali. Haikuwekwa ili ibadilishe kochi kuukuu kwa jipya.

Tena nyumba za makuti kila mahali huhesabiwa kuwa za hatari kubwa zaidi kuliko za bati au zege, na kwa hiyo hulipiwa zaidi au hukataliwa. Hilo latuumiza, kwani aliye katika nyumba ya makuti ndiye aliye mbali zaidi na uwezo wa kununua tena. Tutalirudia hapa chini.

HESABU AMBAYO KILA MPANGAJI AIFANYE

Tuchukue mfano. Bei hizi twazitaja kwa ajili ya hesabu tu. Tuseme mpangaji wa Wete ana kitanda na godoro la shilingi 700,000, kabati la 400,000, jokofu la 800,000, televisheni ya 500,000, makochi ya 600,000, jiko na vyombo vya kupikia vya 300,000, na nguo za watu watano za 700,000. Jumla ni shilingi 4,000,000. Mtu huyo, kabla ya kuandika, angeapa kwamba hana kitu. Kumbe ana milioni nne, na kuzikusanya kulimchukua miaka.

Sasa, kwa kutaka kupunguza ada, aiambie kampuni kwamba vyombo vyake ni vya shilingi 2,000,000. Moto waunguza sehemu tu ya chumba, na hasara ni shilingi 1,000,000. Yeye hutarajia kulipwa milioni yote, maana bado iko chini ya kile alichokatia bima. Lakini kampuni husema: ulikinga nusu ya mali, basi utalipwa nusu ya hasara. Atapata shilingi 500,000, na hapo hapo hukatwa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo hati nyingi humwachia mwenye bima aibebe mwenyewe. Kanuni hii ya uwiano imewaudhi watu wengi, wakaondoka wakisema bima ni wizi. Wizi haukuwapo, hesabu haikuelezwa. Tena si haki kwamba isielezwe.

Aulize pia neno hili: mtanilipa thamani ya kitu kilivyokuwa siku ya ajali, au bei ya kununua kipya? Jokofu la miaka sita likilipwa kwa thamani yake ya siku ya moto, fedha hizo hazitanunua jokofu jingine dukani. Hati ya kulipa kipya ina ada kubwa zaidi, lakini angalau mtu ajue amechagua nini.

Na ada je? Tuseme, kwa hesabu tu wala si kwa bei ya kampuni yoyote, kwamba ni shilingi moja kwa kila mia. Mali ya milioni nne italipiwa shilingi 40,000 kwa mwaka, ambazo hazifiki shilingi 110 kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba. Mfanyakazi apime mwenyewe kama usingizi wake wa usiku una thamani hiyo au hauna.

AJALI HAINA KINGA, HASARA INAYO

Wako wasemao kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kweli, nasi hatuibishi. Hakuna hati iwezayo kuuzuia moto. Lakini methali yasema ajali, haikusema hasara. Hasara ya mtu mmoja ikigawanywa kwa watu elfu moja, kila mmoja hubeba unyoya. Ikiachwa juu ya mtu mmoja, humvunja mgongo.

Jambo hili si geni kwetu. Tangu zamani watu wa Pemba wameishi kwa kuchangiana katika harusi, katika ugonjwa, katika msiba na katika kuezeka nyumba. Meli ya Spice Islander ilipozama mwezi Septemba 2011, ikiwa njiani kutoka Unguja kuja Pemba, nyumba nyingi za kisiwa hiki ziliingia msibani, na watu wasiojuana walishikana mikono. Moyo huo ndio uliojenga jamii yetu. Lakini mchango wa baada ya janga una upungufu mmoja: hutegemea jina la mtu na wingi wa jamaa zake. Mwenye ukoo mkubwa huchangiwa sana. Mgeni aliyehamishiwa kazi kisiwani juzi, asiye na shangazi wala mjomba hapa, huchangiwa kidogo. Bima ni mchango uliotangulia janga, uliopimwa kwa hesabu, na ambao ni haki ya mtu, si hisani.

Wako pia ndugu zetu wenye wasiwasi wa dini, nao twawaheshimu. Wasema kwamba bima ya kibiashara ina mambo yasiyojulikana mwisho wake, hufanana na kamari, na fedha zake huwekwa katika riba. Wanavyuoni wa Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chao cha Jeddah cha mwaka 1985, waliikataa bima ya kibiashara yenye ada maalumu, lakini hapo hapo wakaikubali bima ya kushirikiana iliyosimama juu ya msingi wa kuchangiana. Sudan ilikwisha kuanza njia hiyo mwaka 1979, na Malaysia ikaitungia sheria mwaka 1984. Katika takaful, michango huwekwa katika mfuko wa wanachama wenyewe. Msimamizi hupata ujira wake. Aliyepatwa hulipwa kutoka mfukoni humo. Na ziada, ikiwapo, ni ya wanachama. Hapa Zanzibar Shirika letu la Bima limekwisha kuanzisha huduma ya takaful. Kwa hiyo mwenye wasiwasi anao mlango wa kuingilia. Amwulize mwanachuoni anayemwamini, kisha aamue.

VYOMBO VYA UMMA VISIMAME MAHALI PAKE

Sasa twageukia upande wa pili. Si haki kumlaumu mpangaji kwa kutokata bima ambayo hakuna aliyemweleza.

Kampuni za bima za mwanzo katika pwani hii zilikuwa za wageni, nazo ziliwafuata wenye maghala na wenye meli. Hata huko Uingereza, baada ya moto mkubwa ulioteketeza London mwaka 1666, ofisi za kwanza za bima ya moto zilikinga majengo ya wenye nayo. Ndiyo sababu Serikali ya TANU, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, iliiweka biashara ya bima Bara mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa. Na Zanzibar mwaka 1969 ikaanzisha Shirika lake la Bima. Tangu sheria ya mwaka 1996 milango imefunguliwa kwa kampuni binafsi, na ushindani upo. Lakini Shirika la Bima la Zanzibar lingali mali ya umma, nasi tuna haki ya kuliuliza: mpangaji wa Pemba yuko wapi katika hesabu zenu?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni wa nchi za nje aingiaye Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya Shirika hilo kwa dola 44 kwa mtu mzima. Akiugua hutibiwa, na mizigo yake ikipotea hulipwa. Hatulipingi hilo; ni jambo jema kwa mgeni na kwa nchi. Lakini yafaa tujiulize: ikiwa tumeweza kupanga kinga ya sanduku la mtalii atakayekaa siku saba, twashindwaje kupanga kinga ya kabati la muuguzi atakayekaa miaka saba?

Kwa hiyo twatoa mapendekezo manne.

La kwanza: hati za bima ya vyombo vya nyumbani ziandikwe kwa Kiswahili fasaha, kwa herufi zinazosomeka, na yale yasiyolipwa yawekwe ukurasa wa kwanza, yasifichwe wa mwisho. Nchi ambayo lugha yake ni Kiswahili haina udhuru wa kumtia raia saini katika lugha asiyoifahamu.

La pili: itengenezwe bima ya pamoja ya wapangaji wafanyakazi, ipitie katika vyama vya wafanyakazi na Shirikisho lao, na ada ikatwe kidogo kidogo katika mshahara wa kila mwezi kwa ridhaa ya mwenye mshahara. Wafanyakazi wetu wamekwisha kuzoea kuchangia Mfuko wa Hifadhi ya Jamii tangu ulipowekewa sheria mwaka 1998. Wakiwa elfu, watapata masharti ambayo mmoja peke yake hapati. Na katika kundi kubwa ndimo mnyonge wa nyumba ya makuti aweza kubebwa bila kutengwa.

La tatu: Shirika la Nyumba la Zanzibar, pamoja na wenye nyumba binafsi, waandike katika mikataba ya kupangisha sentensi moja iliyo wazi: kwamba bima ya jengo, ikiwapo, haikingi vyombo vya mpangaji. Sentensi hiyo haina gharama, nayo itaondoa udanganyifu wa miaka mingi.

La nne: matawi ya Chama, katika Mikoa yetu miwili ya Pemba, yaitishe mikutano ya elimu na kuwaalika watu wa bima waje wajibu maswali mbele ya wananchi. Atakayeogopa maswali, tutajua sababu.

WAJIBU WA MPANGAJI MWENYEWE

Mfanyakazi naye asikae akingoja. Aandike orodha ya vyombo vyake leo hii, avipige picha kwa simu, na stakabadhi azihifadhi kwa jamaa aliye nyumba nyingine, maana stakabadhi iliyoungua pamoja na jokofu haithibitishi kitu. Akitaka kukata bima, ahakikishe kwamba wakala anayo leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Alipe na apewe stakabadhi siku hiyo hiyo, kwani bima isiyolipiwa si bima. Ajibu maswali ya fomu kwa ukweli, hata ukweli ukiongeza ada, kwa sababu uongo mdogo wa leo ndio utakaomnyima fidia kesho.

Janga likitokea, atoe taarifa polisi ikiwa ni wizi, na kwa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi ikiwa ni moto, amjulishe sheha, aiarifu kampuni mara moja kwa maandishi, na asiyatupe mabaki kabla hayajakaguliwa. Akiona amedhulumiwa katika malipo, asinung'unike barazani tu. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imeweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye raia aweza kumpelekea malalamiko yake. Haki isiyodaiwa hulala.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, nchi haijengwi kwa majengo peke yake. Hujengwa pia kwa kuhakikisha kwamba mtu aliyefanya kazi miaka kumi harudishwi mwanzo kwa moto wa saa moja. Mwenye nyumba amejua kuilinda mali yake, naye amefanya vyema. Mgeni amelindiwa yake. Imebaki zamu ya mpangaji. Naye ahesabu alicho nacho, aulize anachopaswa kuulizia, na aungane na wenziwe kudai kinga inayolingana na jasho lake. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na hapa kwetu, mkono kwa mkono ndipo hasara itakapozimwa.